Vivuli Vinne Tumboni mwa Fadhila

Fadhila wa mtaa wa Jabe alikuwa amepona, na kupona kwenyewe ndiko kulikomtia matatani. Kuna watu wanapona kimyakimya, wanarudi kwenye shughuli zao, yanaisha. Yeye alipona hadharani. Miaka kumi na miwili nyuma, kansa ya shingo ya kizazi ilipomkamata, mama yake mzazi, Mama Khadidja, alimpakia kwenye basi mpaka Kampala, kwa sababu hapa Bujumbura mashine ya kuchoma kansa kwa mionzi haikuwapo. Huko, binti akiwa kitandani amebaki mifupa, mama akaweka nadhiri. Mungu akimrudishia mtoto wake, kila mwaka, Ijumaa ya kwanza ya Rajabu, atachinja mbuzi, atalisha majirani, na tonge la kwanza la pilau atamlisha Fadhila kwa mkono wake mwenyewe, watu wakiona.

Mungu akamrudisha. Na Mama Khadidja si mtu wa kuchezea ahadi, hasa ahadi na Mungu, kwa hiyo mbuzi wakaanza kuchinjwa.

Mwanzoni tonge lilikuwa moja tu. Lakini wanawake wa Jabe unawajua. Mwaka wa tatu, mama mmoja aliyekuwa na mume mgonjwa aliomba naye amlishe Fadhila kidogo, apate baraka ya mtu aliyepona. Akakubaliwa. Mwaka uliofuata wakaja watano. Siku hizi kila mwenye mgonjwa nyumbani, hata kama ni Mkristo kutoka mtaa wa Mutakura, hata kama mgonjwa wake ana mafua tu na uvivu, anakuja amenawa mkono vizuri, anakata tonge, anamtia Fadhila mdomoni, anamtazama akitafuna mpaka mwisho, kisha anarudi kwake moyo umetulia. Fadhila akawa wa watu wote kama bomba la mtaani.

Sasa we niambie, mtu kama huyo anaanzia wapi kusema kwamba anaogopa?

Na alikuwa anaogopa, tena sana. Dokta Népomuscène, aliyekuwa akimpima kila mwaka tangu arudi, alimkalisha chini safari hii na kumweleza kwa upole. Ile mionzi iliyochoma kansa ilipita pia kwenye utumbo mpana, maana ni majirani. Ikipita miaka mingi, utumbo uliopigwa mionzi unaweza kuotesha kansa yake wenyewe. Hiyo si ile ya zamani iliyorudi. Inakuwa nyingine, mpya, na inakua taratibu bila maumivu, mpaka siku mtu anaposhtuka imeshachelewa. Ndiyo maana wanatazama mapema, mtu angali mzima.

Dokta alitaka kumwingiza kamera kwa njia ya haja kubwa. Fadhila akakataa katakata. Sehemu ile ilikuwa na kidonda cha kumbukumbu tangu Kampala, na haya nayo ina mahali pake, jamani. Dokta ni mpole lakini mbishi. Akatafuta njia ya katikati, akampangia picha ya skanea. Utumbo unajazwa hewa kidogo kwa mrija mwembamba, mtu anapita kwenye mashine, utumbo wote unaonekana kutoka nje. Ila akamuonya mapema kwamba kikionekana kitu, kamera haitakwepeka.

Picha ile ina masharti. Siku mbili za kula vyepesi, hakuna maharage, hakuna mboga za majani, hakuna chenye mbegu. Siku ya mwisho ni vinywaji tu, chai ya rangi na supu iliyochujwa mpaka inaangaza, pamoja na dawa ya kuharisha ya kusafisha tumbo. Kuna na dawa nyingine, nyeupe, ya kupaka rangi mabaki yoyote ya chakula yatakayokaidi, ili kwenye picha yang'ae na yasidhaniwe kuwa sehemu ya mwili.

Basi, masharti si kitu, mtu anavumilia. Balaa lilikuwa tarehe. Skanea ilikuwa imekufa muda mrefu ikingoja kipuri kutoka ng'ambo, na ilipofufuka foleni ilikuwa ndefu kuliko ya mafuta ya petroli. Nafasi ya Fadhila ikaangukia Jumamosi, siku inayofuata Ijumaa ya kwanza ya Rajabu. Yaani siku ya vinywaji tu ilikuwa siku ileile ya pilau.

Angeweza kuomba tarehe nyingine, lakini alishaahirisha mara mbili kwa woga na alijua akiahirisha ya tatu hatarudi tena. Angeweza kumwambia mama yake wasogeze shukrani. Lakini mama angeuliza kwa nini, na jibu lingetoka, na kabla ya adhuhuri Jabe nzima ingesema Fadhila amerudiwa. Wale wanawake wote waliomlisha na kwenda kuwaambia wagonjwa wao "nimemuona, amenona, anacheka," wangebaki na nini mkononi? Akameza siri yake. Akajiambia tonge moja la mama halina neno.

Ijumaa ikafika. Baada ya sala ya mchana ua ukajaa, mikeka ikatandikwa, Qur'ani ikasomwa, sinia zikatoka. Mama Khadidja, na mtandio wake wa kijani, akakata tonge na kipande cha mnofu juu, akamtia binti yake mdomoni, vigelegele vikapasua anga. Fadhila akatafuna akamshukuru Mungu, akataka kuinuka. Nani amruhusu? Mikono ikaanza. Huyu ana baba mwenye kisukari, yule ana mtoto haongei, mwingine ana dada wa figo. Fadhila akasema ameshiba, wakacheka, wakasema aliyepona hashibi. Akajaribu kuuma nusu. Wakamngoja amalize.

Wa mwisho alikuwa Pascaline, mwanamke wa Uvira, Kongo, anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, soko la Mutakura. Dada yake mkubwa alikuwa na kansa ya titi, na siku hizo alikuwa amegeukia ukuta, hataki kusema na mtu. Pascaline alikuwa hajui hata kukata tonge la pilau vizuri, wali ukawa unamdondoka. Fadhila alimtazama, akafungua mdomo mwenyewe kabla ya kuombwa. Moyo wa kukataa mkono ule angeutoa wapi?

Dawa nyeupe alikuwa ameinywa asubuhi, kabla ya pilau, kwa hiyo pilau iliteremka bila kupakwa chochote. Na ile ya kuharisha aliinywa nusu akaacha, kwa sababu nyumba ilikuwa na wageni wa kulala na choo ni kimoja. We mwenyewe piga picha.

Jumamosi akaaga kwamba anakwenda kutazama vitenge vipya, akachukua moto, pikipiki ya abiria, mpaka hospitali ile ya upande wa juu, njia ya kupandia kilima cha Kiriri. Aliyempokea ni Esperance, fundi wa picha, Mkongo mwenye sauti ya kubembeleza, na Fadhila akashukuru kimoyomoyo kwamba ni mwanamke. Esperance alimfunika vizuri na kumweleza kila anachofanya kabla ya kukifanya. Kwanza alimpiga picha amelala chali, kisha akamgeuza kifudifudi. Mtu akigeuka, alimwambia, uchafu nao unaenda upande mwingine, lakini cha mwili kinabaki palepale, ndivyo wanavyovitambua. Alipomaliza akainamia kioo cha kompyuta yake, akazirudia picha.

"Mama, jana ulikula?" aliuliza.

"Apana," Fadhila akasema.

Neno moja tu, na lilimtoka kwa urahisi wa ajabu. Angesema ndiyo, angeulizwa ulikula nini na kwa nini, na yeye hakuwa na nguvu ya kueleza nadhiri, na mbuzi, na mikono, mbele ya mtu aliyemhurumia kiasi kile. Esperance hakubishana naye, akaandika.

Jumatatu Dokta Népomuscène akamuita. Uso wake haukuwa wa kila siku. Akamuonyesha picha kwenye kioo, bomba refu la kijivu lenye mikunjo, na ukutani mwa bomba vivuli vinne. Havikung'aa kwa ile dawa nyeupe. Na alipogeuzwa kifudifudi havikuhama, vilikuwa vimeganda palepale.

"Mama Fadhila, niambie tena," dokta alisema. "Siku ile ya mwisho, hakuna kilichopita mdomoni? Hata kidogo?"

"Maji na chai, dokta."

Dokta akavua miwani. "Kingekuwa chakula ningefurahi. Lakini kama hukula, hivi ni vinyama vimeota, na ni vinne."

Akaendelea kueleza, na Fadhila alisikia nusu. Kwamba sasa kamera ni lazima. Kwamba kimoja ni kikubwa, kamera huenda isikiweze, na pengine itabidi operesheni, na utumbo uliopigwa mionzi ukikatwa haufungi kidonda kama utumbo mwingine. Hakumficha kitu. Ni mtu wa kweli, na alikuwa anapiga hesabu yake yote juu ya neno moja la uongo.

Fadhila aliteremka kwa miguu. Mji wote ulikuwa chini yake, na ziwa, na milima ya Kongo ng'ambo, na hakuona hata kimoja. Mara alisema ni pilau, ni pilau tu, mpumbavu mimi. Mara alisema na kama si pilau? Pilau gani inajibandika ukutani? Alijua la kufanya, arudi aseme. Lakini kila alipogeuka miguu ilikataa. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya kwake ilikuwa ndefu, ya mawe, na jua la saa saba.

Siku tatu hakufungua kibanda chake cha vitenge. Akamwambia mama ni kichwa. Mama Khadidja akamletea dawa ya kichwa, akasimama mlangoni akimtazama, halafu akaingia, akafunga mlango na kuketi kitandani.

"Kichwa chako nakijua toka nilipokizaa," alisema. "Sema."

Fadhila akasema yote. Mionzi, utumbo, skanea, tarehe, pilau, vivuli vinne, na lile "apana". Alisema akiwa ametazama godoro. Alitegemea kilio. Mama yake hakulia hata chozi, alikasirika. Wallahi alikasirika mpaka mtandio ukamdondoka. Alisema yeye ndiye aliyemuogesha Kampala, aliyemgeuza kitandani, aliyemsafisha matapishi, na leo anafichwa kama mgeni. Alisema nadhiri aliiweka yeye, ni deni lake yeye na Mola wake, na Mola haombi mutu afe ndiyo ashukuriwe. Alisema mficha maradhi kifo kitamuumbua, maneno haya alifundishwa na mama yake na yeye alimfundisha Fadhila kabla hajaota meno, yamekwenda wapi? Fadhila akamwambia kwamba hakuogopa kwa ajili yake mwenyewe tu. Aliogopa kwa ajili ya wale wanawake.

"Wale nitasema nao mi," Mama Khadidja akajibu. "Vaa viatu."

Kwa dokta hakungoja kukaribishwa kiti. "Dokta," alisema, "huyu mutoto wangu alikudanganya. Alikula. Mi mwenyewe nilimulisha, na mkono huu, na wenzangu wakamulisha, pilau na nyama ya mbuzi, mpaka jioni. Kama kuna kosa ni letu. Lakini usimupasue kwa sababu ya pilau yangu."

Dokta Népomuscène aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Fadhila alitamani sakafu ipasuke imfiche. Halafu dokta akakaa taratibu, akafunika uso kwa mikono, na mabega yake yakawa yanatikisika. Alikuwa anacheka, maskini, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo. Alisema hajawahi kufurahi hivi kudanganywa. Kisha akawa mkali tena, akasema hilo haliondoi shaka, inabidi warudie, safari hii vizuri. Akamuomba Esperance, na Esperance akakubali kuja kazini mapema kuliko zamu yake awapitishe kabla ya foleni, wiki ileile.

Mama Khadidja akalichukua suala la masharti kama vita. Aliepua maharage yaliyokuwa motoni akagawia majirani. Supu aliichuja kwa kitambaa, akainua glasi juani, akaichuja tena. Siku ya vinywaji alitoa kigoda akakaa mlangoni, na yeye mwenyewe kwa kiburi hakula kitu siku nzima, akanywa chai ya rangi na kulalamika haina maziwa. Na kila aliyepita kusalimia akaambiwa ukweli bila kupunguzwa: Fadhila leo hali, tumbo linasafishwa, kesho anatazamwa kama hakuna kansa nyingine, na mwenye neno alete hapa. Hakuna aliyeleta. Wengine walishika vifua, wengine wakaondoka haraka, na ndani Fadhila alisikia kila kitu na aliona haya mpaka masikioni.

Alasiri akaja Pascaline na ndagala zake kwenye mfuko, zawadi ya shukrani. Akaambiwa naye. Hakuondoka, aliomba kuingia. Alimkuta Fadhila mkekani na jagi la dawa mbele yake, akakaa chini, akalitazama jagi.

"Kumbe we pia unaogopa," alisema.

Fadhila alijua ndiyo saa yenyewe. Angeweza kutabasamu kama Ijumaa ile. "Naogopa kila siku," alijibu. "Tumbo likinguruma naogopa. Nikikonda kidogo naogopa. Miaka kumi na mbili. Nisamehe, Pascaline, mulinilisha mukifikiri nimemaliza."

Pascaline aliangalia mikono yake. "Dada yangu anasema watu wenye kupona hawaogopake. Yeye anaogopa usiku na mchana. Akasema basi hiyo ni alama, mi ni wa kufa tu. Ndiyo alikataa kurudia hospitali." Akainuka, akafunga kitenge chake kiunoni, mfuko wa ndagala akausahau palepale. "Acha nikimbie nimwambie. Nitamwambia Fadhila anaogopa kama we, na kesho anaenda."

Akaondoka mbiombio. Fadhila akanywa glasi yake yote bila kupumzika, mara ya kwanza siku ile, na ladha yake ilikuwa mbaya vilevile.

Picha ya pili ikatoka safi. Dokta akaziweka mbili sambamba kwenye kioo. Pale palipokuwa na vivuli vinne, vitatu havikuwapo. Vilikuwa pilau iliyogandia ukutani kwa sababu tumbo halikusafishwa vizuri, akasema dokta, na Mama Khadidja akaangalia pembeni. Lakini kimoja kilikuwapo. Si kile kikubwa, kikubwa kilikuwa wali. Hiki kilikuwa kidogo kama punje ya njegere, kwenye kona, chali palepale, kifudifudi palepale. Hiki kilikuwa cha mwili.

Fadhila aliuliza swali moja tu, kama kamera inakifikia. Dokta akasema inakifikia. "Basi itie," Fadhila akasema, na mwenyewe akashangaa kusikia sauti yake imetulia.

Wakamlaza kwa dawa ya usingizi, kamera ikaingia, kile kinyama kikakatwa kwenye mzizi wake na kutolewa, asijue lolote. Jioni ileile alikuwa nyumbani akila uji. Kinyama kikapelekwa kupimwa, na hapo ndipo palipokuwa na kazi, kungoja. Kungoja kule sikusimulii, aliyewahi kungoja anakujua.

Siku ya majibu walikwenda wote wawili. Dokta Népomuscène alisoma karatasi mara mbili kabla ya kuzungumza, kisha akasema kwa Kiswahili cha polepole ili Mama Khadidja asikose neno. Hakikuwa kansa. Lakini kilikuwa cha aina ile inayogeuka kansa. Kingeachwa miaka michache, kingegeuka, na kwenye utumbo ule asingeweza kuahidi kitu. Sasa hakipo tena, na pembeni yake ni pasafi. Watatazama tena kwa zamu yake, na tena, na ndiyo itakuwa maisha. Fadhila alimshika mkono dokta, hakuuachia upesi.

Walipotoka nje, pale kwenye ngazi ambapo ndugu wa wagonjwa wanakaa na vikapu vyao, Mama Khadidja alisimama ghafla. Akaketi kwenye ngazi, mwanamke mzima wa miaka sabini, akaanza kulia. Hakulia Kampala. Hakulia mlango ulipofungwa na akaambiwa vivuli vinne. Sasa alilia kwa sauti, anajipiga mapaja, mtandio umemuangukia mabegani.

Mama anayelia mbele ya hospitali, watu hawaulizi amepatwa na nini. Mwanamke mmoja akaweka chini kikapu chake, akamkumbatia, akasema pole mama, Mungu akupe nguvu. Mzee mmoja akavua kofia. Wakaja wengine, wageni kabisa, kila mmoja anatoa mkono na pole yake kwa Kirundi na kwa Kiswahili, na mmoja akauliza kwa sauti ya chini mazishi ni saa ngapi. Fadhila aliona aibu, akaanza kuwaeleza kwamba apana, hawakufiwa, ni habari nzuri, mgonjwa mwenyewe ndiye yeye hapa, amesimama.

Mama Khadidja akamvuta nguo. "Waache," alisema, machozi yanamtiririka. "Waache wanipe pole. Msiba ulikuwa njiani."

Fadhila akakaa kwenye ngazi karibu na mama yake, na watu walipoleta mikono yao akaipokea.